Msiniambie Nisubiri Aseme

"Subiri, atasema."

Neno hili nimeambiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwenye benchi la kliniki na mlangoni mwa kanisa baada ya misa. Mwanangu alipokuwa na miaka 2 niliambiwa watoto wa kiume huchelewa. Alipotimiza 3 nikaambiwa hata mjomba wake alichelewa, na leo anafundisha sekondari. Alipofika 5 jirani mmoja akanielekeza kwa mzee anayekata ukamba wa chini ya ulimi. Sasa ana miaka 9. Wale wale hawanitajii tena jamaa waliochelewa. Wananiambia Mungu ana wakati wake. Beti zimebadilika, kiitikio ni kilekile.

Walionishauri hivyo ni watu wema. Wamenichotea maji nilipougua. Wametoka na tochi usiku kumtafuta mwanangu alipofungua geti na kupotea, na aliyempata ni mama yule yule aliyenielekeza kwa mzee wa kukata ulimi. Hapa Msamala, Songea, sina adui kwa ajili ya mtoto huyu. Nina ugomvi na neno lao tu, kwa sababu nililifuata kwa miaka mingi na aliyelipa gharama yake ni yeye.

Niseme mapema ninachopinga. Sipingi kwamba huenda siku moja atasema. Ninapinga imani iliyojificha chini ya neno "subiri": kwamba mtoto asiyesema hana la kusema, kwamba shule, tiba, heshima na hata kuulizwa anataka uji au chai vitaanza siku ulimi wake utakapofunguka, na kwamba hadi siku hiyo kazi ya mzazi ni kumlisha, kufunga geti na kusali. Nasali, tena kila siku. Lakini sala yangu haimzuii mtoto kuwa na njaa saa hizi, wala kuumwa saa hizi, wala kutaka kuniambia jambo saa hizi.

Wanaosema "subiri" wana ukweli mkononi, na nitakuwa mwongo nikiuficha. Hali ya mwanangu inaitwa usonji, na wapo watoto wengi wenye usonji wanaochelewa kusema kisha wakasema. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watoto 535 wa miaka 8 na zaidi, wote wenye usonji na wote waliochelewa sana kusema. Asilimia 70 walikuwa wamefikia angalau kuunganisha maneno, na karibu nusu ya wote wakazungumza kwa ufasaha. Kwa hiyo jirani anaponiambia "atasema" hanidanganyi. Lakini mwaka huohuo wataalamu wengine walikadiria kwamba watoto wapatao 30 katika kila 100 wenye usonji hufika umri wa shule na kuupita wakiwa na maneno machache mno au bila neno kabisa, hata baada ya kufundishwa kwa miaka. Wangu yuko kundi gani? Hakuna anayeweza kuniambia, si daktari, si mchungaji, si mzee wa ulimi. Na hata ningejua kwa hakika kuwa atasema akitimiza miaka 12, bado ningeuliza: hiyo miaka 12 aishi vipi?

Jibu la swali hilo nililipata mwaka juzi, katika mvua za Januari.

Mvua za kwetu zikianza kupiga bati, mwanangu hujiziba masikio na kuingia chini ya kitanda. Tumezoea. Safari ile alianza kugonga kichwa ukutani, upande mmoja tu, wa kushoto. Siku ya kwanza nikafikiri ni mvua. Siku ya pili mvua ilikatika, yeye akaendelea, akakataa hata ugali wa sembe, chakula ambacho hajawahi kukikataa. Nikambeba mgongoni, mtoto wa miaka 7, hadi kwenye kituo kimoja cha afya. Aliyetupokea aliniuliza, "Anasema?" Nikajibu hapana. Akamtazama akijipiga, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, ndiyo tabia yao hawa. Mpe dawa ya maumivu, atatulia." Hakumgusa. Tukarudi nyumbani. Usiku wa siku ya nne usaha ukamtoka sikioni, wa kushoto, ukalowesha mto.

Nimelifikiria sana lile swali: anasema? Siku tatu mfululizo mwanangu alikuwa anasema. Alikuwa anaonyesha mahali, upande na ukali wa maumivu, kwa chombo pekee alichokuwa nacho, yaani kichwa chake na ukuta. Hakuna mtoto wa Msamala aliyewahi kueleza ugonjwa wa sikio kwa ufasaha kuliko ule. Aliyeshindwa ni mimi mama yake, na yule mhudumu, na wote waliokuwa wamenifundisha kwamba kusema ni kwa mdomo na kwamba kinachotoka kwingine ni "tabia". Kama ningekuwa nimeacha kusubiri mapema, angekuwa na njia ya kuniambia "sikio" siku ya kwanza, saa ya kwanza.

Baada ya hapo nilianza kutafuta. Nikajifunza kwamba tangu mwaka 1985 kuna njia ya kubadilishana picha, iliyobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost katika jimbo la Delaware huko Marekani, na kwamba haihitaji mashine wala umeme. Tulianza na kikombe. Nilipiga picha ya kikombe chake cha bati kwa simu, nikaichapisha steshenari, nikaibandika kwenye kipande cha boksi na kuifunika kwa plastiki. Mimi nilikaa mbele yake nikiwa na uji. Dada yake alikaa nyuma yake. Mtoto akinyoosha mkono kuufuata uji, dada anauongoza mkono uchukue picha na kuiweka kiganjani mwangu, hapohapo anapewa uji, nami nataja: "Uji!" Tulirudia asubuhi na jioni. Dada yake akawa anapunguza msaada kidogo kidogo, mpaka siku aliyoondoa mikono kabisa. Wiki ya sita, mtoto alikuja jikoni peke yake na kadi ya kikombe, akanitia mkononi, akasubiri.

Nililia, sifichi. Katika miaka 7 ilikuwa mara yake ya kwanza kunijia na neno lake badala ya kunivuta nguo.

Leo kuna misumari 14 kwenye mbao karibu na mlango, usawa wa kifua chake, na kila msumari una kadi. Uji, maji, choo, nje, kulala, pikipiki ya baba. Kuna kadi nne za mwili: kichwa, jino, tumbo, sikio. Kadi ya sikio ilichukua miezi mitano kueleweka, kwa sababu maumivu hayashikiki kama kikombe. Ilibidi tuitumie kila tulipomsafisha, kila tulipomtia dawa. Ipo pia kadi nyekundu yenye mkono uliofumbua kiganja. Hiyo ni "hapana". Naithamini kuliko zote. Mtoto aliyevalishwa, aliyelishwa na kubebwa miaka yote bila kuulizwa alipata mahali pa kukataa sweta yenye lebo inayomkwaruza shingo, na baridi yetu ya Julai inapofika tunaikata lebo badala ya kumpiga.

Majirani walipoiona ile mbao, ushauri ukapata sura mpya. Sasa naambiwa: "Picha zitamlemaza. Akizoea kadi, atasema ili iweje?" Hii ndiyo hoja inayosikika kwa akili nyingi kuliko zote, na nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Inafaa ijibiwe kwa kipimo. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walikusanya tafiti zilizowahusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa picha, ishara na njia nyingine badala ya kusubiri sauti. Walipochuja na kubakiza tafiti zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, walikuwa na watu 27. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 11 hawakubadilika. Asilimia 89 waliongeza maneno ya kinywa, wengi wao kwa kiasi kidogo, lakini waliongeza. Anayeniambia picha huua sauti anioneshe mtoto mmoja iliyemuulia.

Tena tazameni jinsi tunavyoishi wenyewe. Konda akigonga bati mara moja gari linasimama, akigonga mara mbili linaondoka, na dereva hamwambii amezembea kusema. Mwanamke mwenye neno na wifi yake huenda sokoni akachagua kanga yenye maandishi yanayofaa, akaivaa na kupita mbele ya mlango, na ujumbe ukafika wote. Kijana wa Kingoni anapomsalimia mzee hupiga goti au kuinama, na heshima ile iko mwilini kabla haijafika mdomoni. Sisi ni watu tuliosema kwa nguo, kwa magoti, kwa bati na kwa ngoma tangu zamani. Kwa nini mtoto huyu mmoja ndiye tumshurutishe atumie mdomo peke yake, mlango ule mmoja uliofungwa kwake?

Nasisitiza salamu kwa sababu imeniumiza. Mtoto wa hapa asiyetoa shikamoo anahesabiwa amekosa adabu, na mama yake amekosa malezi. Nimeona mtu mzima akimshika mwanangu kidevu: "Sema shikamoo! Sema!" Akapiga kelele, akaitwa mkorofi. Sasa tumemfundisha kuweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Wazee wengi wameipokea, wanamjibu "marahaba" kwa sauti, na yeye huipenda hiyo marahaba, huonekana usoni. Wachache bado wanangoja sauti. Kwao nasema: mmeshasalimiwa, mjibuni mtoto.

Nikiri pia kwamba si kila kinachoitwa mawasiliano ni mawasiliano. Miaka ya 1990 huko Marekani watu waliwashika watoto wasiosema mkono juu ya kibodi, na zikatoka sentensi ndefu za kushangaza. Walipopimwa ikaonekana maneno yalikuwa ya mshikaji. Ndiyo maana nyumbani kwetu, somo la mwanzo likiisha, hakuna anayegusa mkono wake. Kadi aichomoe mwenyewe, atembee nayo mwenyewe, na akileta kadi nisiyoitaka niiheshimu vilevile. Neno ambalo hawezi kulitumia kunipinga si neno lake.

Lipo tawi jingine la imani hii: asiyesema hasikii, au anasikia lakini haelewi. Kwa hiyo watu humjadili akiwa amekaa hapo hapo. Wamesema mbele yake kwamba ni mzigo. Wamemuuliza baba yake, huku mtoto akila nyama ya kuku pembeni, kama ana mpango wa "kuzaa mwingine mzima". Mtoto huyu nikinong'ona na baba yake usiku kwamba kesho tunakwenda Peramiho hospitali, asubuhi namkuta ameshavaa kandambili na kukaa mlangoni. Anaelewa Kiswahili. Ulimi wake haujakitoa, ila masikio yake yamekipokea miaka 9. Yale yote yaliyosemwa mbele yake nayo yameingia.

Kuhusu anayelaumu malezi sitakaa sana. Methali ya "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" nimepigwa nayo usoni mara nyingi, na wa siku hizi wameongezea televisheni na simu. Lawama hii ni ya zamani na ilikwisha kushindwa. Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowaona Baltimore, watatu kati yao wakiwa hawasemi kabisa, hakukuwa na televisheni sebuleni wala simu mkononi. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago aliandika kitabu kizima cha kuwatwika akina mama mzigo huu, kwamba ubaridi wao ndio uliomfungia mtoto ndani yake. Miaka mitatu kabla yake Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaonyesha kuwa asili ya hali hii iko mwilini, katika ubongo. Na wale wanaodai huu ni ugonjwa wa Wazungu wasome utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006: kati ya watoto 20 walioangaliwa, 14 walithibitika kuwa na usonji, na watatu wao hali ilianza mara tu walipopona malaria kali, baada ya kukua vizuri hadi hapo. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa na degedege, kisha akamrudisha nyumbani akiwa hasemi tena, ndiye tunayemwambia hakulea?

Sasa shule. Hapa hasira yangu ni kubwa na sitaipunguza.

Alipofika umri wa darasa la kwanza nilimpeleka shule moja ya msingi. Nikapokelewa vizuri, nikapewa kiti. Jibu lilikuwa: "Mama, mlete akianza kusema." Namwelewa mwalimu yule. Darasa lake lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini na mtoto kama wangu. Lakini jibu lake ni sawa na kumwambia asiyeona aje shule akianza kuona. Hatufanyi hivyo. Hapa hapa Songea ipo shule ya viziwi, Ruhuwiko, na watoto wake wanasoma kwa mikono. Hakuna anayemwambia mzazi wa mtoto kiziwi akae nyumbani mpaka masikio yafunguke. Tulikubali kwa kiziwi kwamba lugha inaweza kupita mkononi. Kwa mtoto mwenye usonji tunasita, kwa kuwa masikio yake ni mazima na mdomo wake ni mzima, na tunaona kama anatunyima kwa makusudi kitu alichonacho.

Serikali yetu ilikwisha kuweka sahihi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba ule, kwenye kifungu chake cha 2, unapoeleza maana ya mawasiliano hausemi sauti peke yake; unahesabu nukta nundu, mguso, maandishi makubwa na njia mbadala za kila namna. Kadi zangu za boksi zimo. Mbao yangu yenye misumari 14 imo. "Mlete akianza kusema" haimo.

Wala sitaki mtu anijibu kwamba wataalamu wako Dar es Salaam. Najua wako huko. Ni zaidi ya kilomita 900, unapanda basi alfajiri na mtoto anayeogopa honi, unapita Njombe, Makambako, Iringa, na nauli ya watu wawili ni gunia la mahindi. Wataalamu wa usemi katika nchi hii ni wachache mno na mkoa wa Ruvuma unastahili wake. Halmashauri itenge fedha, nami nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza akipewa mafunzo ya wiki mbili, boksi, gundi, plastiki na ruhusa ya kuacha kungoja sauti, anaweza kuanza Jumatatu. Dada wa mwanangu alianza akiwa na miaka 11.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabuni kaya za mitaa yetu. Wako wapi wengine? Wako nyuma ya mageti wakisubiriwa. Tangu nitundike ile mbao, akina mama watatu wamekuja kwangu jioni, mmoja mmoja, wenye watoto ambao sikujua kama wanaishi mtaa huu. Mmoja alikuwa amemficha wake miaka 6. Nilimpa kikombe cha uji, mkasi na kipande cha boksi, nikamwambia asimwache mtoto nyumbani safari ijayo.

Jumamosi iliyopita shangazi yangu alikuja kutoka Namtumbo. Tumekaa ukumbini, ameshaniambia neno lile la "subiri" kwa mapenzi yote, mwanangu akaja mbio na kadi ya sikio. Moyo ukanilipuka. Nikachukua tochi ya simu, nikaangalia sikio la kushoto, nikaangalia la kulia. Hakuna wekundu, hakuna maji. Nikambonyeza kama nilivyofundishwa, hakushtuka. Akaichukua kadi tena, akanirudishia mkononi kwa nguvu, akanishika kidole na kukipeleka dirishani. Nyumba ya tatu walikuwa wanafunga spika za sherehe, na muziki ulikuwa umeanza muda si mrefu.

Hatukuwa na kadi ya kelele. Hakuna aliyemfundisha kwamba sikio linaweza kumaanisha hivyo.

Shangazi aliinuka, akafunga dirisha mwenyewe. Jumatatu nilikwenda steshenari kuchapisha picha ya spika.